Kilio cha Mama Ndani ya Kikombe cha Divai



Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya kikombe. Si kikombe cha altareni, bali kikombe cha wapagani, kilichofinyangwa mjini Athene kati ya miaka ya 490 na 480 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo, na ambacho leo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Aliyekichora aliitwa Douris, na aliyekifinyanga aliitwa Kalliades. Twayajua majina yao kwa sababu yameandikwa kwenye kikombe chenyewe kwa Kigiriki kifupi: Douris alichora, Kalliades alitengeneza. Katika ulimwengu wa kale, ambamo mafundi wengi walikufa bila kuacha hata jina, hilo si jambo dogo.

Ndani ya kikombe hicho mna picha ya mama anayemwinua mwanawe aliyeuawa vitani. Wataalamu wa sanaa wamezoea kuiita "Pieta ya Memnon", wakitumia neno lile lile la Kiitaliano ambalo sisi Wakatoliki twaliita sanamu ya Bikira Maria akimpakata Mwanae aliyeshushwa msalabani. Imekuwaje basi mchoraji aliyeishi karne tano kabla ya Kalvari akachora picha inayofanana kiasi hiki na ile tunayoipigia magoti katika Kituo cha Kumi na Tatu? Kuna na swali la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Douris aliishi Athene na aliwachorea Wagiriki. Maiti iliyomo kikombeni ni ya adui wa Wagiriki. Kwa nini basi hakumdhihaki?

Tuanze na chombo chenyewe. Wagiriki walikiita kylix. Ni kikombe kipana chenye kina kifupi, kilichosimamishwa juu ya mguu mwembamba, nacho kina vishikio viwili, kimoja kila upande. Hiki chetu kina upana wa karibu sentimita 27, sawa na sahani kubwa ya chakula. Mtu asiyezoea angejimwagia mara moja! Lakini Wagiriki hawakunywa wakiwa wameketi vitini. Katika karamu zao wanaume walijinyoosha juu ya vitanda, wakaegemea kiwiko cha kushoto, na kwa mkono wa kuume wakashika kikombe. Divai ilichanganywa na maji katika chungu kikubwa, kwani kunywa divai tupu kulihesabiwa kuwa desturi ya washenzi. Yule padre anayetia tone la maji katika divai wakati wa kuandaa vipaji anaendeleza, pamoja na maana nyingine zote ambazo Kanisa limezitia katika tendo hilo, desturi ya kale ya meza za nchi za Mediterania. Hali kadhalika desturi ya kula kwa kujinyoosha ilienea hata kwa Wayahudi, na ndiyo maana Mwinjili Yohane aweza kutusimulia kwamba mwanafunzi mpendwa aliegama kifuani pa Yesu. Tukiwaza meza ndefu na viti, kama katika mchoro mashuhuri wa Leonardo da Vinci, hatuwezi kuelewa jinsi alivyoweza kufanya hivyo.

Mnywaji alipokiinua kikombe kinywani, wenzake waliolala mbele yake waliona picha zilizochorwa upande wa nje. Yeye mwenyewe hakuona kitu ila divai. Ila kadiri alivyokunywa, ndivyo picha iliyochorwa ndani, katikati ya duara, ilivyoanza kujitokeza kutoka chini ya kinywaji. Mchoraji alilijua jambo hilo vizuri sana. Alijua pia kwamba anayeiona picha ile ni mtu mmoja tu, tena kwa karibu, uso wake ukiwa umeinama juu ya kikombe.

Juu ya ufundi wenyewe nitasema machache tu, ingawa unastahili mengi. Udongo wa Attika, nchi inayouzunguka mji wa Athene, una madini ya chuma, nao ukichomwa hupata rangi nyekundu ya chungwa. Weusi unaong'aa kwenye vyombo hivi si rangi iliyonunuliwa kwingine. Ni udongo ule ule, uliochujwa majini mpaka ukabaki laini mno, kisha ukapakwa kwa brashi. Siri ilikuwa tanurini. Kwanza mfinyanzi aliruhusu hewa iingie, chombo kizima kikawa chekundu. Kisha aliziba matundu na kutia kuni mbichi, moshi ukakifanya chote kiwe cheusi. Mwisho alifungua hewa tena: sehemu zilizopakwa ule udongo laini zilikuwa zimekwisha kuyeyuka kidogo na kujifunga, zikabaki nyeusi, sehemu nyingine zikarudia wekundu. Akikosea kipimo cha moto, kazi ya siku nyingi iliharibika. Tangu miaka ya 530 hadi 520 hivi kabla ya Kristo wachoraji wa Athene walianza kupaka weusi kuzunguka sura za watu na kuziacha sura zenyewe na rangi ya udongo, ndani yake wakachora mistari myembamba ya misuli, kope na mikunjo ya nguo. Douris alikuwa mmoja wa mabingwa wa mtindo huo. Vyombo karibu 300 vyadhaniwa kuwa kazi ya mkono wake, na karibu 40 vina sahihi yake. Kimoja, kilichopo Berlin, chaonyesha vijana wakifundishwa kusoma na kupiga ala za muziki, picha ya shule iliyo miongoni mwa za kale kabisa tulizo nazo. Nisiwafiche kwamba mchoraji huyo huyo alichora pia ulevi na ufisadi wa karamu, mambo ambayo sitayaeleza hapa. Hata kwenye kikombe chetu, kando ya picha ya huzuni, pameandikwa sifa ya uzuri wa kijana fulani, Hermogenes, kwa desturi ya karamu zile ambazo maadili yake hatuwezi kuyaiga. Kikombe hakikutoka kwa watakatifu, wala sitaki kuwavika hao waliokitumia joho lisilo lao.

Upande wa nje Douris alichora mapambano mawili ya vita vya Troya, yale yaliyosimuliwa na Homer. Upande mmoja Menelaus anamkimbiza Paris, yule aliyemchukua mkewe Helen. Miungu ya kike Aphrodite na Artemis wapo pembeni. Upande wa pili Ajax anapigana na Hector, Athena na Apollo wakiwa nyuma yao. Anayezijua hadithi hizo atagundua jambo moja: katika mapambano yote mawili hakuna anayekufa. Paris aliokolewa na Aphrodite, na Hector aliinuliwa na Apollo, kisha giza la usiku likawatenganisha wapiganaji, wakapeana zawadi. Nje ya kikombe, basi, miungu inaokoa. Wale waliokuwa wakimtazama mnywaji waliona ushujaa na msaada wa mbinguni.

Ndani mna habari nyingine.

Memnon alikuwa mfalme wa Waethiopia. Baba yake alikuwa Tithonus, ndugu wa Priam mfalme wa Troya. Mama yake alikuwa Eos, ambaye jina lake lina maana ya Alfajiri. Hector alipokwisha kufa, Memnon alikuja na jeshi lake kuwasaidia jamaa za baba yake. Habari zake zilisimuliwa katika utenzi ulioitwa Aithiopis, ambao umepotea, tukabakiwa na muhtasari tu. Alimuua Antilochus, kijana wa mzee Nestor, aliyekufa akimkinga baba yake. Kwa ajili ya kifo hicho Achilles, rafiki wa Antilochus, alimwendea Memnon na kumuua. Achilles naye alikuwa mwana wa mungu wa kike, Thetis, na hakukaa sana kabla ya kuuawa yeye pia. Wasanii wa Kigiriki walipenda kuwaonyesha mama hao wawili pamoja, kila mmoja akimsihi Zeus amwokoe mwanawe, huku roho za vijana wao zikipimwa katika mizani. Mmoja wao ilimpasa apoteze, na mwingine alipoteza baadaye kidogo.

Douris hakuchora mizani, wala Zeus, wala jeshi. Amechora watu wawili tu katika duara jeusi. Eos amekunjua mabawa yake, ameinama, na mikono yake imepita chini ya mwili wa mwanawe ili auinue. Memnon amevuliwa silaha. Yu uchi, kama walivyoachwa walioshindwa. Ni mtu mzima mwenye ndevu, mwili mrefu na mzito, mkubwa kuliko anavyoweza mama kumpakata kwa raha. Mikono yake inaning'inia na kichwa kimelegea. Uso wa mama umeelekea uso wa mwana. Hapigi yowe wala hararui nguo. Kando yao yameandikwa majina yao, ili asikosee mtu yeyote: Eos, Memnon.

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mgiriki aliyemaliza divai yake aliukuta uchungu huo chini kabisa ya kikombe chake.

Sasa tulikaribie lile swali la adui. Neno "Waethiopia" kwa Wagiriki lilikuwa na maana ya watu wenye nyuso zilizochomwa na jua, na katika mawazo yao watu hao walikaa pande za mwisho wa dunia, kusini ya Misri na pia mashariki kunakochomoza jua. Baadhi ya vyombo vya Athene vyamwonyesha Memnon akiwa na wapambe ambao bila shaka yoyote ni Waafrika, ingawa yeye mwenyewe, kama katika kikombe hiki, amepewa sura ya Kigiriki. Baadaye wasafiri wa Kigiriki waliofika Misri waliziona sanamu mbili kubwa mno karibu na Thebe, nao wakasema mojawapo ni Memnon. Kwa kweli zote mbili ni za Farao Amenhotepu wa Tatu. Lakini baada ya tetemeko la mwaka wa 27 kabla ya Kristo sanamu moja ilipasuka, ikawa inatoa sauti wakati wa mapambazuko, na wageni wakaamini kwamba Memnon anamsalimu mama yake Alfajiri. Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka kwamba towashi Mwethiopia aliyebatizwa na Filipo alikuwa mtumishi wa malkia wa Kushi, nchi iliyopo leo Sudan. Jina ni lile lile; Wagiriki walilitumia kwa watu hao hao wa kusini ya Misri.

Hata hivyo kulikuwa na mapokeo mengine juu ya Memnon, nayo ndiyo yanayonigusa zaidi. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anauita mji wa Susa mji wa Memnon. Na Susa ulikuwa nini? Ulikuwa makao ya mfalme wa Waajemi. Sasa tazameni miaka ya kikombe chetu. Mwaka wa 490 Waajemi walishuka Marathon, na Waathene 192 wakafa siku hiyo, wakazikwa chini ya kilima kimoja pale pale uwanjani. Mwaka wa 480 mfalme Xerxes aliuteka mji wa Athene na kuuchoma moto pamoja na mahekalu yake. Katika miaka hiyo hiyo, katika mji huo huo, fundi mmoja alichukua brashi akamchora shujaa wa upande wa Troya, mtu wa mashariki ambaye jina lake lilitajwa pamoja na mji wa adui. Akamchora akiwa amekufa, mikononi mwa mama yake. Wala hakuna dhihaka. Hakuna Mgiriki anayesimama juu ya maiti akijisifu. Achilles, mshindi, hayupo kabisa.

Labda mtasema namsingizia Douris wema ambao hakuukusudia. Lakini hakuwa peke yake. Mwaka wa 472 Aeschylus, aliyepigana mwenyewe kule Marathon na kumpoteza ndugu yake huko, aliwaonyesha Waathene tamthilia juu ya Waajemi. Hakuiweka Athene penye shangwe. Aliiweka Susa, katika jumba la mfalme, ambako mama yake Xerxes anapokea habari za maangamizi. Waathene, ambao nyumba zao zilikuwa zimechomwa miaka minane tu iliyopita, waliketi wakasikiliza kilio cha mama wa yule aliyezichoma, na wakaipa kazi ile ushindi katika mashindano. Mimi huona haya nikiwaza hayo. Sisi tumepewa amri iliyo wazi kabisa ya kuwapenda adui zetu, na bado katika parokia zetu wapo wasiofika kwenye msiba wa jirani kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, au kwa sababu marehemu alikuwa wa upande mwingine katika uchaguzi.

Turudi kwenye Pieta. Wengi watashangaa kusikia kwamba hakuna Injili hata moja inayosema Bikira Maria alimpakata Yesu alipokwisha kushushwa. Yohane anatuambia kwamba alisimama karibu na msalaba. Yosefu wa Arimathea ndiye anayetajwa kuomba mwili. Picha ya Mama akimpakata Mwanae ilizaliwa katika ibada ya waamini. Sanamu za kwanza za namna hiyo zilichongwa Ujerumani karibu mwaka 1300, na ile ya Michelangelo, iliyomo katika Basilika la Mtakatifu Petro, ilichongwa mwaka 1498 na 1499. Vituo vya Njia ya Msalaba navyo vilithibitishwa kuwa 14 na Papa Klementi wa Kumi na Mbili mwaka 1731. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wachongaji wa Ujerumani walijifunza kwa Douris. Walichojifunza walijifunza mahali pengine, penye vitanda vya wagonjwa, na penye milango ya nyumba ambako watoto waliletwa wakiwa maiti. Huko ndiko Douris naye alikojifunza.

Lakini tusifanye haraka kusema kwamba picha hizi mbili ni moja. Eos ni mungu wa kike katika imani ya watu wake: hafi. Kwa hiyo hawezi hata kutumaini kumfuata mwanawe. Kwa mumewe Tithonus aliomba uzima wa milele akasahau kuomba ujana, mzee yule akanyauka bila kufa. Kwa Memnon, kadiri ya ule muhtasari wa utenzi, aliomba na Zeus akakubali. Lakini Douris hakuichora ahadi hiyo. Na kila siku alfajiri humlazimu apande tena angani na kuwaangazia wanadamu, ana msiba au hana. Mshairi Mrumi Ovid alisimulia kwamba umande wa asubuhi ni machozi yake. Maria, kinyume chake, ni mwanadamu kama sisi, naye ataonja mwisho wa maisha ya duniani. Wala yeye hakumwomba Mungu amwondolee msalaba Mwanae, kwa kadiri Injili zinavyotuonyesha. Alisimama tu. Na alfajiri, ambayo kwa Wagiriki ilikuwa saa ya mama kumlilia mwanawe, ndiyo saa ambayo wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma wakalikuta li tupu.

Waamini wengine huniuliza kama ni halali kwa Mkristo kutazama kwa heshima kazi za wapagani. Mtakatifu Basili Mkuu aliwaandikia vijana katika karne ya 4 kwamba wavisome vitabu vya Wagiriki kama nyuki wanavyotembelea maua: si yote, wala hawachukui kila kitu. Mtakatifu Yustino, aliyefia dini mjini Roma karibu mwaka 165, alifundisha kwamba mbegu za Neno zilipandwa hata kwa waliotangulia Kristo, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilirudia wazo hilo katika hati yake juu ya kazi za kimisioni mwaka 1965. Mimi nikiutazama mkono wa Eos chini ya mgongo wa Memnon, sioni mbegu ya mafundisho. Naona mbegu ya kitu kinachotangulia mafundisho. Sisi mapadre tumezoea kufika msibani tukiwa na maneno tayari, na mara nyingine nimemkuta mama ameketi chini kando ya jeneza, amelishika kwa mkono mmoja, nikatambua kwamba maneno yangu yote yamefika mapema mno. Siku hizo nimejifunza kuketi kwanza.

Kikombe cha Douris hakikubaki Athene. Kiliuzwa ng'ambo, kikagunduliwa Capua, katika Italia, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Waetruski. Watu hao walipenda mno vyombo vya Athene, na vingi kati ya vile vilivyotufikia vikiwa vizima vilihifadhiwa na makaburi yao, kwa maana waliviweka kando ya wafu wao. Wageni hao, ambao hawakuwa Wagiriki wala Wathroya, walikinunua kikombe chenye maiti ya Mwethiopia na mama yake, na hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza picha ile ni ya nini.